IBS: uanzie wapi, ubadilishe nini, na urudishe nini mezani

Maswali kuhusu IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo bila vipimo kuonyesha kidonda, ni yaleyale. Tumbo linanisokota kila nikila, je, ni saratani? Vipimo vyote vimetoka safi, mbona bado naumwa? Nimemeza dawa za amiba hadi nimechoka, mbona hali inarudi? Niache maziwa, niache ngano, au niache vyote? Nimeyajibu mara nyingi, lakini kwa vipande, na kila aliyeuliza aliondoka na kipande chake tu. Humu nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningependa mtu aufuate tangu siku ya kwanza.

Kama una haraka, shika hili moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Wengi waliokwama na IBS wana juhudi za kutosha. Kilichowakwamisha ni kwamba katika wiki moja waliacha maziwa, mkate, maharagwe na kahawa, na papo hapo wakaanza dawa mbili mpya. Tumbo likatulia kidogo. Sasa hawajui kilichowasaidia ni kipi, na wanaogopa kurudisha hata kimoja. Mwaka mmoja baadaye wanakula vyakula vitano, wamekonda, na tumbo bado linawauma.

Kwanza, hii IBS ni nini hasa

Ni maumivu ya tumbo yanayojirudia pamoja na mabadiliko ya choo: kuharisha, choo kigumu, au vyote kwa zamu. Vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Hilo halina maana kwamba huumwi. Ukuta wa utumbo una mtandao wake mkubwa wa mishipa ya fahamu unaowasiliana na ubongo muda wote, na kwa mwenye IBS mawasiliano hayo yamevurugika. Watafiti waliwahi kuingiza puto dogo kwenye puru na kulijaza hewa taratibu. Wenye IBS walianza kuumia kwa hewa kidogo kuliko watu wengine. Kwa hiyo gesi ambayo jirani yako hata haisikii, wewe inaweza kukukunja. Anayekuambia "ni mawazo yako tu" hajui anachosema.

Kwa baadhi ya watu hali hii huanza baada ya kuharisha vibaya kutokana na uambukizo. Mwaka 2000 maji ya mji wa Walkerton nchini Kanada yalichafuliwa na bakteria, watu wengi wakaugua, na walipofuatiliwa kwa miaka kadhaa ilionekana kwamba wengi miongoni mwao walibaki na IBS muda mrefu baada ya bakteria wenyewe kwisha mwilini. Ndiyo maana kurudia antibayotiki au dawa za amiba bila kipimo kinachoonyesha kuna mdudu hakukusaidii. Mdudu alishaondoka. Aliacha nyuma utumbo ulio mwepesi kuumia, na antibayotiki nazo huvuruga bakteria wazuri waliobaki.

IBS haigeuki kuwa saratani na haifupishi maisha. Nadharia tuishie hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Chochote utakachokuwa nacho mkononi mara tu baada ya kula na mara tu baada ya kutoka chooni.
- Majibu ya vipimo vya msingi (tazama hatua ya 1).
- Kikombe na kijiko cha kupimia.
- Kiti kifupi cha kuwekea miguu, kama unatumia choo cha kukaa.
- Miezi mitatu ya subira. Mabadiliko mengi ya chakula na dawa huhitaji wiki nne au zaidi kabla hujajua kama yamefaa.
- Mtu mmoja unayeishi naye anayejua unachofanya. Kupika vyakula vya aina mbili bila mtu kuelewa sababu huleta mvutano nyumbani, na mvutano wenyewe huliumiza tumbo.

Simama hapa kwanza kama una mojawapo ya haya

Usiendelee na hatua nyingine kabla hujaonana na daktari ikiwa:

- unaona damu kwenye choo, au choo ni cheusi kama lami;
- unapungua uzito bila kukusudia;
- umeambiwa una upungufu wa damu;
- una homa, au unatapika mara kwa mara;
- maumivu au kuharisha kunakuamsha usingizini;
- dalili zimeanza ukiwa umeshavuka umri wa miaka 45 au 50;
- ndugu wa damu amewahi kuugua saratani ya utumbo mpana, saratani ya mji wa mayai, ugonjwa wa seliaki (gluteni, protini ya ngano, inapoudhuru utumbo) au uvimbe sugu wa utumbo;
- unapapasa tumbo na kuhisi donge.

Kuwa na mojawapo hakuna maana kwamba una ugonjwa mbaya. Maana yake ni kwamba jina la IBS halijakustahili bado, na kujitibu kwa makisio kunaweza kukuchelewesha.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni IBS

Vigezo vinavyotumika duniani, vilivyotolewa mwaka 2016 na kuitwa vigezo vya Rome IV, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita, huku dalili zikiwa zimeanza angalau miezi 6 nyuma. Tena maumivu hayo yaambatane na mawili kati ya matatu haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, au sura ya choo imebadilika. Zingatia neno maumivu. Gesi na tumbo kujaa bila maumivu ni tatizo jingine, ingawa mengi ya humu yatakufaa.

Vipimo vya kuomba si vingi: picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini (CRP), kipimo cha damu cha seliaki, na choo kupimwa vimelea kama giadia. Kama unaharisha, omba pia kalprotektini ya choo, inayosaidia kutenganisha IBS na magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Kijana asiye na dalili za hatari, vipimo vyake vikiwa sawa, kwa kawaida hahitaji kuingizwa kamera tumboni. Daktari akikuambia hivyo, hajakupuuza.

*Onyo.* Usiache ngano kabla ya kipimo cha seliaki. Kipimo hicho hutafuta kinga ambazo mwili huzitengeneza mtu akiwa anakula gluteni. Ukiwa umeiacha kwa wiki kadhaa, jibu linaweza kutoka safi huku ugonjwa upo, na kurudi kula ngano ili upimwe upya ni mateso ya bure.

*Onyo jingine.* Vipimo vya damu vya IgG vinavyotoa orodha ndefu ya vyakula "usivyovumilia" visikule pesa. Kinga za IgG huonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho. Vyama vya madaktari wa mfumo wa chakula havivipendekezi.

Hatua ya 2: Andika wiki mbili bila kubadilisha chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Kula unavyokula siku zote. Kunywa unavyokunywa. Andika tu.

Kwa choo, tumia kipimo cha Bristol, kilichotengenezwa Uingereza. Kina namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vipande vidogo vigumu kama gololi, vilivyotengana. Namba 2 ni kipande kimoja chenye mafundo. Namba 3 kina nyufa juu, namba 4 ni laini na kimeshikana vizuri. Namba 5 ni vipande laini vyenye kingo, namba 6 ni uji uji, na 7 ni maji matupu. Namba zinakuokoa na maneno kama "kibaya" na "afadhali", ambayo baada ya siku kumi hutakumbuka yalimaanisha nini.

Ukurasa wa siku moja unaweza kuwa hivi:

> Usiku: nililala saa 5, nikaamka mara moja.
> Saa 1 asubuhi: kahawa tupu. Saa 1:20: choo, namba 6. Maumivu 4 kati ya 10, yakapungua baada ya choo.
> Saa 8 mchana: wali, maharagwe bakuli zima, kitunguu kibichi. Nilikula haraka.
> Saa 11: tumbo limejaa, nimelegeza mkanda. Maumivu 6.
> Saa 3 usiku: mkate na chai ya maziwa.
> Mengine: siku ya pili ya hedhi. Kulikuwa na kikao kigumu kazini.

Angalia kilivyo kifupi. Ukianza kuandika insha utaacha siku ya tatu. Mistari miwili usiyopaswa kuiacha ni usingizi na "mengine", kwa sababu hapo ndipo watu hugundua kwamba maharagwe yaleyale yaliyowaumiza Jumatatu ya kikao hayakuwafanya chochote Jumamosi.

Ukisoma, usimlaumu mlo wa mwisho moja kwa moja. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kujikaza ili kutoa nafasi, na ishara hiyo kwa wenye IBS huwa kali. Ukikimbilia chooni dakika kumi baada ya kula, unachotoa si kile ulichokula sasa hivi. Vyakula vinavyochachuka na kuleta gesi huchukua saa kadhaa kufika kwenye utumbo mpana. Tazama mlo uliotangulia, hata wa jana yake.

Hatua ya 3: Ijue aina yako

Hesabu siku ambazo choo hakikuwa cha kawaida, bila kuhesabu siku ulizotumia dawa ya kulainisha au kuzuia choo. Zaidi ya robo ya choo hicho kikiwa namba 1 na 2, na kile cha namba 6 na 7 kikiwa chini ya robo, aina yako ni ya choo kigumu. Kinyume chake ni ya kuharisha. Vyote viwili vikizidi robo, ni mchanganyiko. Ni hesabu ya dakika tano, lakini dawa na hata nyuzinyuzi zinategemea jibu lake.

Hatua ya 4: Panga milo kabla hujaondoa chakula

Kabla ya kufukuza chakula chochote mezani, rekebisha namna unavyokula. Kuna wanaopata nafuu ya kutosha hapa na wasihitaji hatua ya 7 kabisa.

Kula kwa saa zinazofanana kila siku. Usikae na njaa siku nzima kisha ukajaza tumbo usiku, maana mlo mkubwa huleta mkazo mkubwa. Tafuna taratibu. Punguza mafuta mengi na pilipili kali kama daftari limezitaja. Kahawa na chai zisizidi vikombe 3 kwa siku. Kunywa maji vikombe 8 hivi, zaidi kukiwa na joto au ukiharisha. Soda na pombe zipunguze. Matunda yasizidi sehemu 3 kwa siku, kila sehemu kiasi cha gramu 80, tena uyagawe badala ya kuyala yote kwa mkupuo. Wengi hujidhuru kwa glasi kubwa ya juisi iliyokamuliwa kutoka matunda manne wakiamini wanajitibu.

Kama unaharisha, soma maandishi ya pipi na bazoka zisizo na sukari. Sorbitoli, mannitoli na zailitoli zilizomo huvuta maji ndani ya utumbo.

Fuata haya kwa wiki nne, ukiendelea kuandika.

Hatua ya 5: Nyuzinyuzi, lakini zile zinazofaa

"Kula nyuzinyuzi nyingi" ni ushauri uliowaumiza wengi kwa sababu hauelezi zipi. Pumba za ngano na nafaka zenye makapi magumu haziyeyuki kwenye maji, na kwa watu wengi wenye IBS huongeza gesi na maumivu. Zinazosaidia ni zile zinazoyeyuka na kuwa kama ute: oti laini za uji (oats), mbegu za kitani zilizosagwa, na unga wa maganda ya mbegu ambao kwenye paketi huandikwa psyllium au ispaghula. Huu wa mwisho ndio wenye ushahidi mzuri zaidi, na hufaa wenye choo kigumu na hata wanaoharisha, kwa kuwa ute wake hushika maji.

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku ndani ya glasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla hakijaganda, kisha unywe glasi nyingine. Kaa hapo wiki moja. Ongeza kijiko kingine wiki inayofuata, na uendelee hivyo hadi choo kifike namba 3 au 4. Anayeanza na vijiko vitatu siku ya kwanza huvimba tumbo na kuamua kwamba nyuzinyuzi hazimpendi. Usiumeze ukiwa mkavu, unaweza kukukaba kooni. Kama unatumia dawa nyingine, ziachanishe kwa saa mbili.

Hatua ya 6: Namna ya kukaa chooni

Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kiti kifupi ili magoti yawe juu kidogo ya nyonga, inama mbele, na legeza tumbo. Mkao huo hunyoosha njia ya puru. Nenda baada ya kifungua kinywa, utumbo unapojikaza wenyewe. Usijikamue, na usikae zaidi ya dakika kumi. Simu ibaki nje.

Hatua ya 7: Mpango wa FODMAP, ikiwa hatua zilizotangulia hazikutosha

FODMAP ni kundi la wanga na sukari fupi ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Hufika kwenye utumbo mpana, bakteria huzichachua, gesi hutoka, na maji huvutwa ndani. Mpango huu ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Una awamu tatu, na hapa ndipo ninapoomba uwe makini, kwa sababu wengi huifanya ya kwanza na kusimama hapo. Awamu ya kwanza haikukusudiwa kuwa maisha. Mpango wote umetengenezwa ili mwisho wake ule vyakula vingi iwezekanavyo.

Usiufanye peke yako kama ni mjamzito, kama uzito wako ni mdogo, kama umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula, au kama anayeumwa ni mtoto. Tafuta mtaalamu wa lishe.

*Awamu ya kwanza: kupunguza, wiki 2 hadi 6.* Weka kando vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano kwa wingi, maharagwe na jamii yake, maziwa na mtindi wenye laktosi (sukari ya maziwa), asali, maembe, tufaha, tikiti maji, uyoga na koliflawa. Bado una wali, viazi, unga wa mahindi, uwele, mtama, mayai, nyama, samaki, karoti, spinachi, matango, biringanya, machungwa, nanasi, papai, na ndizi ambayo haijaiva mno. Ndizi iliyoiva hadi kuwa na madoa ina fruktani (mojawapo ya hizo FODMAP) nyingi zaidi.

Kinacholiliwa zaidi ni ladha ya vitunguu. Njia ipo. Fruktani za kitunguu saumu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta kwa moto mdogo, zitoe zote, kisha pikia mafuta hayo: harufu imebaki, fruktani zimetoka na punje. Yatumie siku hiyohiyo, kwa sababu mafuta ya kitunguu saumu yakiachwa nje yanaweza kukuza bakteria wenye sumu hatari. Kuchemsha kitunguu ndani ya mchuzi na kukitoa hakusaidii, kwani fruktani zimeshaingia kwenye supu. Sehemu ya kijani ya vitunguu vya majani unaweza kuitumia, ile nyeupe iache.

*Awamu ya pili: kurudisha kimoja kimoja.* Tumbo likishatulia, endelea na mlo uleule uliopunguzwa, na jaribu kundi moja kwa siku tatu. Kwa maziwa: siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima. Andika kila siku. Ukiumwa sana siku ya pili, simama, usifike ya tatu. Pumzika siku mbili tatu hadi utulie, kisha ingia kundi jingine: asali kwa kupima fruktosi (sukari ya matunda na asali), mkate wa ngano, kitunguu maji, kitunguu saumu peke yake, maharagwe, uyoga. Usijaribu viwili pamoja hata kama una haraka, na usijaribu wiki ya mtihani, safari ndefu au hedhi kama daftari limeonyesha hedhi inakuvuruga.

Jibu unalotafuta ni kiasi. Mtu anaweza kushindwa na kikombe kizima cha maziwa lakini asipate shida na kile kidogo kinachoingia kwenye chai. Huyo hana sababu ya kuacha maziwa.

*Awamu ya tatu: mlo wako wa kudumu.* Rudisha vyote vilivyopita. Vilivyokuumiza, uvile kwa kiasi unachokiweza, na uvijaribu tena baada ya miezi michache, kwani uvumilivu wa utumbo hubadilika. Maharagwe, kwa mfano, yakilowekwa, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa maji mapya, hupungua sukari zinazoleta gesi. Anza na vijiko viwili vya mezani.

Hatua ya 8: Utulize mtandao wa fahamu

Nimeiweka baada ya chakula kwa sababu ndivyo watu wanavyokubali kuisoma, lakini unaweza kuianza siku ya kwanza, sambamba na daftari.

Lala chali au kaa, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono uinuke na kifua kitulie. Toa taratibu ukihesabu hadi 6. Dakika tano kabla ya mlo, na tena mkazo unapoanza. Wenye maumivu wengi hukaza tumbo siku nzima bila kujua, na zoezi hili ndilo huwaonyesha.

Mazoezi ya mwili nayo ni tiba. Utafiti uliofanyika Sweden uliwaongoza wenye IBS kufanya mazoezi ya dakika 20 hadi 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki, na dalili zao zikapungua kuliko za wale waliobaki na mazoea yao. Kutembea kwa kasi kunatosha.

Tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mwenendo, na hipnosi (kutulizwa kwa maneno hadi akili izame) inayoelekezwa kwenye utumbo, zote zina ushahidi. Hiyo ya pili imefanyiwa utafiti tangu mwaka 1984 huko Manchester. Daktari akikupendekezea usione ametukana akili yako. Anatibu mawasiliano yale ya utumbo na ubongo kwa kuanzia upande wa pili.

Hatua ya 9: Dawa, kwa aina yako

Kwa msokoto: mebeverini, haiosini, au mafuta ya mnanaa ya vidonge vyenye ganda gumu. Meza vidonge vya mnanaa bila kutafuna, ukitafuna utapata kiungulia.

Kwa kuharisha: loperamidi. Inazuia choo lakini haiondoi maumivu. Usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo, na usizidishe kipimo, kwani kiasi kikubwa huathiri mapigo ya moyo.

Kwa choo kigumu: makrogoli ikiwa nyuzinyuzi hazikutosha. Laktulozi huchachuka na kuongeza gesi, kwa hiyo kwa IBS si chaguo la kwanza. Angalia pia kama dawa unazotumia kwa jambo jingine ndizo zinazokufunga choo. Kodeini, tramadoli na vidonge vya madini ya chuma hufanya hivyo mara nyingi.

Maumivu yakikataa, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini ya kipimo kidogo usiku. Watu hushtuka wakisoma kwamba ni dawa ya sonona. Hapa hutumika miligramu 10 hadi 30, kiasi kidogo mno kwa sonona, ili kupunguza makali ya mishipa ya fahamu ya utumbo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 463 nchini Uingereza, na waliopewa dawa hiyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kitupu kwa kipindi cha miezi 6. Huleta usingizi, kinywa kukauka na choo kuwa kigumu, kwa hiyo wanaoharisha huifurahia zaidi.

Probayotiki (bakteria wazuri wa kumeza) ukitaka kuzijaribu, chagua moja, uitumie wiki 4 hadi 12, na uache kama hakuna tofauti.

Mambo yanapokwama

*Nimefuata FODMAP wiki sita kwa uaminifu, hakuna kilichobadilika.* Basi si tatizo lako. Rudi ule kawaida leo. Kuongeza masharti juu ya mpango ulioshindwa kutakukondesha tu. Nguvu zako zipeleke kwenye hatua ya 8 na 9.

*Nyuzinyuzi zimenijaza gesi.* Punguza hadi nusu ya kipimo, ongeza maji, subiri wiki mbili. Kama bado, acha.

*Sipati choo siku tano, kisha naharisha maji.* Huenda choo kigumu kimeziba njia na maji yanapita pembeni. Ukimeza loperamidi utazidisha tatizo. Mwone daktari akupapase tumbo.

*Nimetolewa mfuko wa nyongo, na tangu hapo naharisha.* Mweleze daktari hilo kwa maneno hayohayo. Nyongo inayofika kwenye utumbo mpana huleta kuharisha, na ina dawa yake tofauti.

*Asubuhi siwezi kutoka nyumbani kabla ya kwenda chooni mara tatu.* Amka mapema zaidi, kula saa moja na nusu kabla ya kutoka, na kahawa isogeze hadi ufike uendako. Siku ya safari, zungumza na daktari au mfamasia kuhusu loperamidi ya kumeza kabla.

*Siku za hedhi naumwa maradufu.* Hutokea kwa wengi wenye IBS. Lakini maumivu yakiwa makali kiasi cha kulala kitandani, au ukiumia wakati wa kujamiiana, omba uchunguzwe endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), kwani dalili zake hufanana na IBS na wapo waliotibiwa ugonjwa usio wao kwa miaka.

*Nilikuwa mzima miezi minane, sasa imerudi.* Usianze FODMAP upya. Andika wiki moja, kisha linganisha na kurasa za zamani: usingizi, kazi, dawa mpya, antibayotiki, ugonjwa wa tumbo wa hivi karibuni. IBS huja na kuondoka kwa mawimbi, na mara nyingi wimbi hutulia kwa hatua ya 4 na ya 8 peke yake.

*Dalili zimebadilika sura.* Kama uliyezoea choo kigumu sasa unaharisha usiku, au maumivu yamehamia mahali pengine na hayapungui baada ya choo, usiseme "ni IBS yangu tu". Rudi kwa daktari na daftari mkononi, ufungue ukurasa ambao mabadiliko yalianza, na umwonyeshe.